Mutu mumoja, jina moja

Huku kwetu, kutoka Kamanyola mupaka Uvira, mutu anaweza kuwa na majina ine bila kuwa amemwibia mutu yeyote. Iko jina ya nyumbani, ile babu alimupa siku ya kuzaliwa. Iko jina ya ubatizo. Iko jina ambayo mwalimu aliandika ndani ya registre ya masomo, vile masikio yake yalisikia. Na kwa wale wa machimbo, iko jina ya shimo, ile wenzake walimubandika siku ya kwanza, na ndiyo hiyo PDG, négociant na mama muuza chakula wanajua. Wakati mutu yuko muzima na anajulikana, majina hayo yote haina shida. Shida inaanza siku anaombwa karatasi. Na shida kubwa inaanza siku yeye mwenyewe hawezi tena kujibu.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu familia nyingi za Sange ziko na mutu kwenye machimbo: Misisi, Kamituga, Lugushwa, Luhwindja, ao mbali zaidi. Wanaondoka vijana, wanarudi watu wazima, na katikati hapo jina yao imeandikwa mara kumi na watu kumi. Tunasema wazi: kurekebisha jina kwenye vitabu vya serikali si mambo ya wasomi wala ya watu wa bureau. Ni kazi ya muchimbaji, sawa vile kutia miti ndani ya shimo ili udongo usimuangukie. Tunasema pia kwamba serikali inapashwa kufanya kazi hiyo iwezekane, maana kwa sasa njia iko ndefu, iko na bei, na inakatikia katikati.

Namna gani tulifika hapa

Wazee wanakumbuka. Tarehe 27 Oktoba 1971 Kongo iligeuka Zaïre. Mwanzo wa mwaka 1972 ikaja amri ya kuacha majina ya kigeni. Raisi mwenyewe, aliyekuwa Joseph-Désiré Mobutu, akajiita Mobutu Sese Seko. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, na ikamubidi aondoke katika inchi kwa muda. Kisha sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikapanga mambo ya jina, na watoto wa masomo wakajifunza kujaza mustari mupya: post-nom.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na watu wakarudilia prénoms zao bila kuuliza mutu. Ilikuwa furaha. Lakini hakuna mutu aliyepita kurekebisha vitabu. Kwa hiyo mutu aliyezaliwa mwaka 1965 anaweza kuwa Pierre kwenye kitabu cha paroisse, bila Pierre kwenye bulletin ya mwaka 1974, na tena Pierre kwenye carte ya uchaguzi ya mara ya kwanza. Hakudanganya popote. Ni serikali ndiyo ilimubadilisha, kisha ikasahau.

Iko tena mambo ya maandiko. Jina moja ya Kishi inaandikwa Cikuru, Chikuru ao Tshikuru, kufuatana na mwenye kushika kalamu: anaandika Kishi, Kiswahili ao Kifaransa? Byamungu inageuka Biamungu. Kwa Kifuliiru, sauti ndefu inaandikwa na herufi mbili, na agent wa mugeni anaacha moja. Hata jina ya kabila yenyewe iko inaandikwa Bafuliiru, Bafuliru ao Bafulero. Mutu anayeandika haraka, na watu mia wanangoja nyuma kwenye jua, hatauliza mara mbili.

Ongeza vita. Tangu 1996 watu wa Plaine ya Ruzizi walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Wengine waliandikwa Burundi, wengine kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, kwa masikio ya mugeni na kwa herufi za mugeni. Ongeza maji: mwezi wa Aprili 2020 Mulongwe iliingia ndani ya nyumba za Uvira, na siku kama hiyo mutu anaokoa mutoto kwanza, haokoi farde ya makaratasi.

Kisha ikaja carte ya uchaguzi. Inchi hii imekaa miaka mingi bila carte ya kitambulisho ya taifa, na carte d'électeur ndiyo inashika nafasi yake. Tulijiandikisha 2005, tukajiandikisha tena 2011, 2017 na 2023. Mara ine mutu alisimama mbele ya machine na kusema jina yake kwa mudomo. Mara ine mwingine akapiga herufi. Wale ambao carte zao ine ziko na jina moja, herufi kwa herufi, wamushukuru Mungu. Na wengi wetu tuliona tena wino ya carte ya 2023 ikifutika ndani ya mufuko, mupaka CENI ikalazimika kutoa duplicata.

Sheria inasema nini

Watu wengi wanafikiri jina ni mali ya mwenyewe, anaweza kuigeuza vile anapenda. Code de la famille, sheria ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inasema tofauti. Article 64 inakataza mutu kubadilisha jina yake, nzima ao kipande, kugeuza maandiko yake, na hata kugeuza mupango wa majina vile ilitangazwa kwenye état civil. Mulango uko mumoja: Tribunal de paix ya mahali mutu anaishi. Juge anaweza kuruhusu, kama iko sababu ya haki.

Lakini si kila shida ya jina ni ya kubadilisha jina, na hapo ndipo watu wanapoteza feza. Iko njia tatu, na mwenye kuingia kwenye mulango si wake atarudishwa.

Njia ya kwanza ni ya mutu ambaye hakuandikwa hata siku moja. Mutoto anapashwa kutangazwa kwenye état civil ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, na ndani ya siku hizo ni bure. Siku 90 zikipita, bourgmestre ao chef hawezi tena kuandika yeye peke yake. Inafaa hukumu ya tribunal, ile tunaita jugement supplétif, na acte de naissance inatoka nyuma yake.

Njia ya pili ni ya mutu aliyeandikwa, lakini na makosa: herufi imeruka, tarehe si yake, jina ya baba imeandikwa vibaya. Huyo haombi jina mupya. Anaomba kitabu kirekebishwe. Hiyo nayo ni kazi ya juge, maana acte ya état civil hairekebishwi na bic wala na correcteur mweupe.

Njia ya tatu ndiyo ya kubadilisha jina kweli: mutu amebeba jina ya matusi, ao jina ya mutu aliyemulea na si ya wazazi, ao anajulikana miaka yote na jina ambayo haiko kwenye kitabu. Huyo anaandika barua ya maombi kwa président wa Tripaix, anaeleza sababu, anaweka karatasi zake zote na washahidi wanaomujua. Jina anayoomba nayo iko na masharti: sheria inataka itoke kwenye mila na desturi za Wakongomani, na isiwe ya matusi.

Na attestation ya chef de quartier? Inasaidia kama ushahidi mbele ya juge. Lakini haishiki nafasi ya hukumu. Mutu yeyote anayekuuzishia «changement de nom» kwenye meza ya barabarani, na muhuri mbili na picha moja, amekuuzishia karatasi tu.

Tuseme pia neno kwa wamama. Wengi wanafikiri siku ya ndoa jina ya mwanamuke inageuka. Kwa sheria yetu kila mumoja anabakia na jina yake. Mama anaweza kuitwa na jina ya bwana katika quartier na katika kanisa, hakuna ubaya. Lakini akijiandikisha kwa CENI na jina ya bwana, na acte ya kuzaliwa iko na jina ya baba yake, amejifanya watu wawili.

Hukumu haitembei yenyewe

Tufike sasa kwenye kitu ambacho kinaumiza zaidi. Tuseme mutu amefanya yote. Ameacha kazi, amepanda gari mupaka Uvira, amerudi mara tatu, amelipa, na hukumu iko mukononi. Anarudi Sange na furaha. Anafikiri imekwisha. Bado.

Hukumu ni kama hati ya shamba ambayo hakuna jirani amejulishwa. Inafaa kwanza kuchukua kwa greffe certificat de non-appel, karatasi inayoonyesha kwamba hakuna mutu aliyepinga. Kisha hukumu inapashwa kuandikwa kwenye kitabu cha état civil. Kule ndiko jina mupya inazaliwa kweli. Sheria inataka pia jambo hilo litangazwe katika Journal officiel, ili inchi yote ijue kwamba mutu wa jana na mutu wa leo ni mumoja.

Na nyuma ya état civil, kila bureau iko na kitabu chake, na vitabu hivyo havisemezani. Tripaix haipigii CENI simu. CENI haijulishi Division des Mines. Division haijui masomo ya mutoto. Kampuni ya simu haijui kitu chochote. Ni mwenye jina mwenyewe ndiye anapashwa kubeba karatasi, mulango kwa mulango.

Carte ya uchaguzi ndiyo ngumu kuliko zote. CENI kazi yake ni uchaguzi. Vituo vya kuandikisha vinafunguliwa wakati wa uchaguzi, kisha vinafungwa. Mutu aliyepata hukumu leo anaweza kukaa miaka na carte ya jina ya zamani, na ndiyo carte hiyo kila askari wa barrière anaomba. Hapo hapo anakuwa mawindo: «Hukumu inasema hivi, carte inasema vile, wewe ni nani?» Na jibu, tunajua wote, linalipwa kwa franka. Basi inafaa kutembea na carte pamoja na copie ya hukumu iliyowekwa muhuri ya kufanana na original, na original yenyewe ibakie nyumbani, mahali pakavu.

Carte ya muchimbaji iko rahisi zaidi, na wengi hawalijui. Code minier, ya 2002 na iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inasema kwamba carte d'exploitant artisanal inatolewa na chef wa Division provinciale des Mines kwa Mukongomani mwenye umri wa kutosha, anayefanya kazi ndani ya coopérative. Na carte hiyo inaishi mwaka mumoja tu. Kwa hiyo kila mwaka mulango wa kurekebisha jina unafunguka. Usingoje agent wa SAEMAPE afike kwenye shimo kuuliza. Siku ya kufanya upya, weka copie ya acte mbele, na uombe coopérative nayo irekebishe liste yake. Kama coopérative inakuandika na jina ya shimo, ujue kwamba kwa sheria hauko ndani.

Kisha simu. Muchimbaji leo hatumi feza nyumbani kwa mukono wa dereva. Anatuma kwa simu. Carte SIM iliandikwa na jina fulani, pengine ya ndugu aliyeinunua. Wakati kila kitu kinatembea, hakuna shida. Siku simu inaanguka ndani ya maji na feza iko ndani, bureau ya kampuni itaomba carte inayofanana na jina ya namba. Feza ya miezi miwili inaweza kubakia pale, mbele ya macho, kwa sababu ya herufi moja.

Siku udongo unaanguka

Tulisema shida kubwa inaanza siku mutu hawezi tena kujibu. Tuseme wazi, hata kama inauma.

Tarehe 11 Septemba 2020, mvua kali iliingiza maji ndani ya mashimo ya Kamituga, pahali panapoitwa Détroit. Makumi ya watu walikufa ndani. Walikuwa vijana kutoka pande nyingi. Kila mara shimo linaanguka, mahali popote, kazi ya pili nyuma ya kutoa miili ni kuuliza: nani alikuwa ndani? Na liste ya mutu wa shimo, kama iko, mara nyingi ni liste ya majina ya shimo. Nani anajua kwamba yule wanaita «Commando» ao «Vieux» ni mutoto wa fulani wa Sange, avenue fulani?

Sange haihitaji kufundishwa jambo hili. Tarehe 2 Julai 2010, gari la petroli lilipinduka hapa na kuwaka moto, na zaidi ya watu 230 wakafa. Wengi walizikwa kwenye makaburi ya pamoja, maana moto haukuacha uso wa kumujua mutu. Familia zilizopita kipindi kile zinajua tofauti kati ya kulia mutu ambaye jina yake imeandikwa mahali, na kulia mutu ambaye inafaa kwanza kuonyesha kwamba alikuwako.

Maana nyuma ya kilio kuna makaratasi. Mujane anapashwa kuonyesha acte de décès, na acte hiyo inaandikwa na jina. Kwa Code de la famille watoto wa marehemu ndio warizi wa kwanza, lakini mutoto anapashwa kuonyesha kwamba baba aliyeandikwa kwenye acte yake ndiye yule marehemu. Kama acte ya mutoto inasema Byamungu na kaburi linasema jina ingine, mujomba mwenye tamaa hahitaji avocat. Herufi zinamufanyia kazi. Parcelle inaenda, sehemu ya baba ndani ya shimo inaenda, na deni aliyokuwa nayo kwa négociant inafutika. Tumeona wamama wakifukuzwa nyumbani si kwa sababu hawakuolewa, bali kwa sababu karatasi zao na za bwana hazikutana.

Na kwa mutoto iko mitihani. Jina iliyotumwa kwa ajili ya Examen d'État ndiyo itatoka kwenye diplôme. Kurekebisha jina ndani ya registre ya masomo mwaka wa tatu ni kazi ya asubuhi moja na préfet. Kurekebisha diplôme iliyokwisha kutoka ni safari ya miaka.

Wanaosema mulango usifunguliwe

Tunajua kuna watu wanaosema: mukirahisisha mambo ya majina, mutasaidia wezi, wenye madeni na watu wa bunduki wafiche sura. Katika Plaine yetu hilo si neno la kuchekea. Hapa jina inasemaka kabila, na kwenye barrière kabila imekwisha kuua watu. Wengine waligeuza jina kwa woga, ili wapite. Wengine waliambiwa jina yao si ya Kikongomani, na palepale wakaitwa wageni.

Tunajibu mambo mawili. La kwanza: anayetaka kujificha haendi kwa juge. Anayekwenda Tripaix anasimama mbele ya watu, anasema jina ya zamani na jina mupya, na zote mbili zinaandikwa pamoja kwenye hukumu moja. Hukumu inafunga majina mbili kwenye mutu mumoja. Ni carte za kununua na attestations za meza ndizo zinaficha. Ukifunga mulango wa juge, unajaza meza ya barabarani.

La pili: uraia wa mutu unapimwa na sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004. Haupimwi na vile jina yake inasikika ndani ya masikio ya askari. Yeyote anayetumia mambo ya état civil kuchagua nani ni mwenyeji na nani si mwenyeji, hafanyi kazi ya serikali. Tunataka jina ziandikwe vizuri kwa watu wote wa Plaine, Mufuliiru, Muvira, Murundi, Munyamulenge, Mushi, Mubembe. Kitabu kikiwa wazi, bei ya woga inashuka.

Tunachoomba

Kwa wakubwa wa tribunaux tunaomba audiences foraines: juge, greffier na officier wa état civil wafike pamoja Sange, Luvungi, Kiliba, na kwenye machimbo makubwa, siku zinazojulikana mbele. Code yetu inakubali hukumu. Haikusema kwamba lazima masikini alale njiani siku tatu ili aipate. Na wakifika pamoja, hukumu itatoka asubuhi na kitabu kitaandikwa muda ukifika bila mutu kupanda gari tena.

Tunaomba bei zibandikwe kwenye ukuta wa kila greffe na kila bureau ya état civil, kwa Kiswahili, na herufi kubwa. Mutu anayejua bei haombwi «ya chai».

Kwa Division des Mines na SAEMAPE tunaomba jambo dogo: kwenye liste za coopératives kuwe na mistari miwili, jina ya acte na jina ya shimo, pamoja na jina na simu ya mutu wa familia. Mustari huo hauombi sheria mupya. Unaomba bic. Na siku ya mauti utaokoa familia majuma ya kutafuta.

Kwa Kinshasa tunasema: tarehe 30 Juni 2023 Raisi wa Jamhuri alipokea carte d'identité ya kwanza mbele ya kamera. Tulifurahi. Lakini muchimbaji wa Misisi angali anatembea na carte ya uchaguzi yenye wino inayofutika. Wakati ONIP itakapofika kwetu, isirudilie makosa ya kupiga jina kwa kusikia. Iombe acte de naissance, na kwa wasiokuwa nayo ije pamoja na juge. Na impatie kila mutu namba moja ambayo haitageuka. Majirani wetu wa Tanzania wanafanya hivyo: mutu akibadilisha jina kwa hati ya kiapo, jina inarekebishwa na namba yake ya NIDA inabakia ile ile, na ndiyo namba hiyo, pamoja na alama ya kidole, inayotumika kuandikisha carte SIM. Jina inaweza kugeuka bila mutu kupotea, kama kuna kitu kimoja kinachobakia.

Na kwenu wasomaji, hatutangoja Kinshasa. Jumapili hii, nyuma ya ibada, toeni karatasi zote za nyumba mbele ya meza: carte za uchaguzi, za zamani na za sasa, actes, bulletins, carte ya ubatizo, carte ya muchimbaji, hati ya parcelle. Someni jina kwa sauti, herufi kwa herufi, na mutoto anayejua kusoma vizuri ndiye asome. Mahali inatofautiana, andikeni pembeni. Chagueni maandiko moja, ile ya acte kama acte iko, na kuanzia siku hiyo kila mutu wa nyumba aseme hiyo na aandike hiyo. Mutoto ambaye hajafikisha siku 90 aende kuandikwa kesho Juma ya kwanza, maana ni bure. Picha ya kila karatasi iingie ndani ya simu mbili, ya baba na ya mama.

Na wewe uko kule juu, kwenye mulima, unasoma gazeti hili siku ine nyuma yetu: mwambie mutu mumoja unayefanya naye kazi jina yako ya kweli, quartier yako, na namba ya bibi yako. Fanya leo, mbele ya kushuka ndani.